Mashua, Mwasili na "Sisi": Kaida ya Kuwasili Kisiwani katika Ethnografia ya Malinowski na Firth

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi ya safari, na hasa yale yanayohusu visiwa vya ukanda wa joto, kipo kipande kimoja cha usimulizi ambacho msomaji hukitarajia hata kabla ya kukifikia. Kisiwa huonekana kwanza kama kivuli juu ya maji. Chombo kinapokaribia, mlima hupambanuka, kisha miti, kisha ufuo. Ngalawa za wenyeji huja kukilaki chombo, kelele huzidi, na mwishowe mwandishi hushuka, huvuka maji ya kina kifupi kwa miguu na kukanyaga mchanga. Kuanzia hapo yeye ni mtu mwenye haki ya kutueleza watu wa kisiwa hicho ni akina nani.

Makala haya yanakiita kipande hicho kaida ya kuwasili, na yule anayefika kwa chombo tunamwita mwasili. Tunakusudia kuichunguza kaida hii katika vitabu viwili vya ethnografia: Argonauts of the Western Pacific cha Bronislaw Malinowski (1922) na We, the Tikopia cha Raymond Firth (1936). Baadaye tutavilinganisha na kitabu cha tatu, Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta (1938), ambacho kilitokana na shule ileile ya London lakini hakina mashua wala kisiwa.

Dai letu ni kwamba kuwasili kwa mashua ndiko kunakokifanya kisiwa kiwe "mbali". Umbali hupimwa kutoka kwenye sitaha ya chombo, na anayeupima ni yule aliyesimama juu yake. Hata hivyo, vitabu hivi viwili vimebeba ndani yake ushahidi unaolipinga pimo hilo, na ni wajibu wa mhakiki kuusoma ushahidi huo badala ya kuviweka vitabu kando kama masalio ya ukoloni. Suala hili linatuhusu sisi wa idara za fasihi nchini Kenya kwa sababu kazi ya ukusanyaji wa fasihi simulizi, ambayo imekuwa sehemu ya masomo yetu tangu mjadala wa Nairobi wa mwaka 1968 uliodai fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya mtaala, imerithi mbinu za uga kutoka kwa wanaanthropolojia. Tulipoirithi mbinu, tuliirithi pia namna yake ya kusimulia.

2. Mashua inayoondoka: Malinowski

Kuwasili kunakojulikana zaidi katika taaluma ya anthropolojia kumo katika utangulizi wa Argonauts. Malinowski anamwomba msomaji ajifikirie ametuliwa ghafla ufuoni, peke yake na mizigo yake, karibu na kijiji cha wenyeji, huku mashua iliyomleta ikienda zake hadi kutoweka machoni. Nafsi inayotumika hapa ni ya pili. Msomaji ndiye anayeachwa mchangani; mwandishi amempisha mahali pake mwenyewe.

Mbinu hii ina nguvu kubwa ya kisanaa. Kwa kuiondoa mashua, msimulizi anakata uzi uliomfunga mtafiti na ulimwengu wake, na upweke unaobaki unakuwa dhamana ya ukweli wa atakayoyasema. Mwenye kuteseka peke yake miongoni mwa wageni, tunaambiwa kwa njia ya kimyakimya, hana budi kuwa ameyaona mambo kwa macho yake.

Lakini tukiendelea kusoma mistari inayofuata, picha inabadilika. Malinowski mwenyewe anataja kuwako kwa mzungu jirani, mfanyabiashara au mmisionari, ambaye kwa wakati huo hayupo au hana nafasi ya kumsaidia mgeni. Isitoshe, anasema wazi kwamba hali anayoieleza ni ile ya mwanzo wake wa kazi katika pwani ya kusini ya New Guinea. Visiwa vya Trobriand, ambavyo ndivyo hasa mada ya kitabu, havikuwa mahali pa tukio hilo. Wasomaji wengi huikumbuka picha ile kana kwamba ilitokea Trobriand. Kosa hilo la kumbukumbu ni ushahidi mzuri wa nguvu ya kaida: msomaji anahitaji kuwasili, na asipopewa kuwasili kwa mahali husika hujitwalia kule alikopewa na kukuhamisha.

Shajara ya Malinowski, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, imezungumziwa sana kwa sababu ya hasira na dharau iliyomo dhidi ya wenyeji. Kwa madhumuni yetu, jambo lililo muhimu zaidi ni la kawaida kabisa: shajara imejaa watu. Wamo wafanyabiashara wa lulu, maafisa na wamisionari, na mashua zinakuja na kwenda. Mashua ambayo katika Argonauts inatoweka machoni, katika shajara haikutoweka kamwe. Upweke wa utangulizi ulikuwa uteuzi wa msimulizi.

3. Meli inayofika: Firth

Firth, mzaliwa wa New Zealand na mwanafunzi wa Malinowski, alifika Tikopia mwaka 1928 na kukaa huko mwaka mmoja. Tikopia ni kisiwa cha kilomita za mraba 5 hivi, upande wa mashariki wa nchi inayoitwa leo Visiwa vya Solomon. Watu wake husema lugha ya Kipolinesia, ingawa wengi wa majirani zao wa magharibi ni Wamelanesia. Wakati wa Firth walikuwa takriban 1,300, wamegawanyika katika koo nne: Kafika, Tafua, Taumako na Fangarere, kila ukoo na mtawala wake aitwaye ariki.

Kitabu cha Firth kinaanza kwa meli. Ni alfajiri, omo ya Southern Cross imeelekea mashariki, kisiwa kinakua polepole kutoka doa hadi mlima. Wenyeji wanaijia meli kwa ngalawa na kuipanda kwa vishindo. Kisha mwandishi na wenzake wanaelekea ufuoni kwa mojawapo ya ngalawa hizo, wanateremka mwambani na kutembea majini wakiwa wamezungukwa na wenyeji. Wanapofika nchi kavu wanapita juu ya mchanga uliotandazwa majani makavu ya mivinje, na wanapelekwa kwa mtawala mzee aliyeketi chini ya mti mkubwa, amevaa koti jeupe na shuka. Katikati ya hayo, Firth anajiuliza ni vipi umati huu wenye ghasia utakavyoweza kutiishwa chini ya uchunguzi wa kisayansi.

Mary Louise Pratt, katika insha yake ya mwaka 1986 juu ya mahali pa pamoja pa ethnografia na uandishi wa safari, ameonyesha kwamba kipande hiki kinafuata nyayo za mabaharia wa karne ya 18 waliofika Polinesia, Bougainville miongoni mwao. Kwa maoni yake, Firth anawasili kama mfalme mpelelezi na Malinowski kama mtu aliyevunjikiwa chombo. Uainishaji huu ni wa manufaa, na makala haya yanaukubali. Tunachokiona kinapungua ni kwamba Pratt anaisoma kaida kutoka upande wa mwasili: anauliza mwandishi amejifanya nani. Swali letu ni jingine. Tunauliza ni nini kilichomo katika kipande hichohicho ambacho kaida haikuweza kukimeza.

4. Waliokuwamo melini na aliyekuwa ufuoni

Vitu vitatu vinastahili kuangaliwa. Cha kwanza ni meli yenyewe. Southern Cross lilikuwa jina la meli za Melanesian Mission, misheni ya Kianglikana, zilizofuatana moja baada ya nyingine kwa miongo mingi zikivizungukia visiwa vya eneo hilo. Basi Firth hakugundua njia. Alipanda chombo chenye ratiba. Nusu moja ya kisiwa, upande wa Faea, ilikuwa tayari imeingia katika Ukristo, huku upande wa Ravenga ukishikilia ibada za asili. Firth hakulificha hili. Analieleza kinaganaga, na mgawanyiko huo ndio uliomwezesha baadaye kuandika juu ya ibada za Kafika. Hata hivyo, katika kurasa za kuwasili, misheni inatoa meli tu. Kama nguvu ya kihistoria haipo. Chombo kinakuwa kama upepo: kinamleta mwandishi bila ya kuwa na nia yake chenyewe.

Cha pili ni abiria mwingine. Firth hakushuka peke yake. Alifuatana na mtumishi wake, Vahihaloa, mwenyeji wa Ontong Java, kisiwa kingine cha Wapolinesia kilichoko mbali upande wa kaskazini-magharibi. Msimulizi anatuambia kwamba Vahihaloa aliwaogopa Watikopia na kudhani watamla, na maneno yake yametolewa kwa Kiingereza cha pijini. Bila shaka lengo la kisanaa ni kuchekesha. Hofu ya mtumishi inaudhihirisha utulivu wa bwana. Lakini hebu tumsome Vahihaloa kama mhusika. Yeye ni mtu wa kisiwa kidogo anayefika katika kisiwa kingine kidogo. Lugha yake ya kwanza ina udugu na lugha ya wenyeji. Naye pia anawasili, na kwake yeye Tikopia ni ya kutisha kwa sababu ni watu wengine, wenye sifa zao na majina yao mabaya yaliyovuma baharini. Kumbe visiwani kulikuwa na uvumi na hadithi za jirani juu ya jirani. Endapo Vahihaloa angeandika sura yake ya kuwasili, isingekuwa na neno "mbali" kwa maana ile ile.

Cha tatu ni koti jeupe la mtawala. Koti halikuota kisiwani. Lililetwa na chombo kilichotangulia, na kuvaliwa kwake siku ya meli ni tendo la adabu na la siasa: mwenyeji amejitayarisha kupokea wageni wa aina anayoijua. Firth anavutwa na mivinje, ambayo anasema ilimpa hisia ya kuwa nyumbani. Msomaji wa pwani ya Kenya naye atavutwa na mti huohuo, kwa kuwa mvinje umejaa fukwe zetu. Lakini hisia ya nyumbani inayotokana na mti inampita mwasili na kumwacha kando ya hoja. Mwenye nyumba alikuwa ameketi, amevaa, anasubiri. Kuwasili kulikuwa pia kupokewa, na mapokezi yana mtendaji wake.

5. Safari za wenyeji

Kaida ya kuwasili hutaka upande mmoja tu uwe unasafiri. Mwasili huenda, mwenyeji hukaa. Vitabu vyetu viwili vinaikiuka kanuni hii, na kukiuka huko ndiko kunakovipa uzito wake wa kudumu.

Kwa Malinowski, ukiukaji umo katika jina la kitabu. Argonauti, wale mabaharia wa visa vya Kiyunani waliokwenda kutafuta ngozi ya dhahabu, hapa ni Watrobriand wenyewe. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu kula, ule mzunguko wa ubadilishanaji ambamo mikufu ya kome, soulava, husafiri kuelekea upande mmoja wa duara la visiwa, na bangili za kome, mwali, kuelekea upande wa pili. Wenyeji huchonga mitumbwi, huisomea maneno ya uganga, hungoja upepo na kuvuka bahari hadi Dobu kwa wenzi wao. Hofu ya kufika, mapambo ya kabla ya kushuka, matumaini ya kupokewa vizuri: yote haya yamo katika safari ya kula. Kwa hiyo ndani ya Argonauts kuna kuwasili kuwili. Kumoja ni kwa mtu aliyeachwa mchangani katika utangulizi. Kwingine ni kwa msafara wa Watrobriand unaokaribia Dobu. Cha pili kimesimuliwa kwa urefu na kwa ufundi unaozidi cha kwanza, lakini ni cha kwanza kilichoingia katika kumbukumbu ya taaluma.

Kwa Firth jambo hili ni la huzuni zaidi. Watikopia wana neno forau, linalotumika kwa safari ya baharini. Vijana wengi, hasa wale wasio na matumaini ya kuoa au kupata shamba, au waliotiwa aibu, walichukua ngalawa na kutoka kwenye mwamba wakiikabili bahari kuu. Wachache walifika Anuta, Vanikoro au kwingineko, wengi walipotea. Baadaye, mwaka 1961, Firth aliandika makala juu ya kujiua na kuthubutu hatari katika jamii hiyo, akaonyesha ugumu wa kutenganisha mawili hayo: anayetoka baharini katika hali hiyo hajaamua kufa moja kwa moja, na hajaamua kuishi. Mapokeo ya kisiwa yana habari pia ya kundi zima, Nga Faea, lililofukuzwa na kuingia baharini kwa sababu ardhi haikutosha.

Hapa ndipo panapoonekana lililo hatarini katika hoja yetu. Meli inayoleta mtafiti na ngalawa inayompeleka kijana forau zinapita katika maji yaleyale. Ya kwanza imepewa sura nzima ya kufungua kitabu, yenye mapambazuko na rangi. Ya pili imewekwa katika mijadala ya idadi ya watu na urithi. Mgawanyo huu wa fani ni mgawanyo wa thamani. Mhakiki anayeisifu sura ya kwanza kwa uzuri wake bila ya kuuliza kwa nini forau haikupata sura ya namna hiyo anashiriki katika mgawanyo huo.

Historia nayo inaunga mkono usomaji huu. Mwaka 1826 nahodha Peter Dillon alipopita Tikopia alikuta huko vitu vya Kifaransa, mmojawapo mpini wa upanga, vilivyoletwa kutoka Vanikoro. Kwa njia hiyo ndipo Ulaya ilipopata kujua mahali zilipovunjikia meli za La Pérouse, zilizotoweka tangu mwaka 1788. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imetuma watu kuzitafuta bila mafanikio. Habari walikuwa nayo watu wa kisiwa cha kilomita za mraba 5, kwa kuwa walikuwa wakienda Vanikoro na kurudi. Nani alikuwa mbali na nini, basi?

6. "Matou": nafsi inayomwacha msikilizaji nje

Firth anaeleza kwamba jina la kitabu chake ni tafsiri ya kauli iliyokuwa midomoni mwa wenyeji daima. Kauli hiyo hutumia kiwakilishi matou. Katika lugha za Kipolinesia, Kitikopia kikiwamo, nafsi ya kwanza wingi ina maumbo tofauti: moja humjumuisha anayesemeshwa, na jingine humtoa. Tatou ni mimi, wewe na wengine. Matou ni mimi na wenzangu, wewe hupo.

Kiingereza hakina tofauti hii, na Kiswahili pia hakina. Tukitafsiri jina la kitabu kama "Sisi, Watikopia", neno "sisi" litabaki na utata ambao msemaji wa Kitikopia hakuwa nao. Twaweza kujaribu "sisi wenyewe" au "sisi wa Tikopia", lakini kule kumfungia msikilizaji mlango kunakofanywa na sarufi hatutakupata kwa neno moja. Hili ni jambo la kutafakariwa na wanaofundisha tafsiri.

Umuhimu wake kwa uhakiki ni huu. Kaida ya kuwasili inamleta msomaji hadi ndani. Ametoka alfajiri pamoja na mwandishi, amevuka maji, ameketi mbele ya mtawala. Kufikia mwisho wa sura ya kwanza anajiona mgeni aliyekaribishwa. Lakini jalada la kitabu lilikwisha kumwambia, kwa lugha asiyoijua, kwamba hamo. Matou husemwa na mwenyeji akimtazama mgeni usoni. Firth ndiye mgeni aliyeambiwa hivyo, na uaminifu wake kama mwandishi uko katika kuichukua kauli iliyomweka nje na kuifanya kichwa cha kazi yake. Upungufu wake ni kwamba Kiingereza kilimwezesha kuivaa. Jina "We" likiwa juu ya jina la mwandishi wa New Zealand, msomaji wa London aliweza kulisoma kama sauti ya wenyeji iliyokabidhiwa.

Zipo dalili nyingine katika kitabu zinazotuonyesha namna mwenyeji anavyouona ulimwengu kutoka ufuoni. Firth anasema kwamba Watikopia huelekeza kila kitu kwa upande wa bara na upande wa bahari, hata ndani ya nyumba, hata juu ya uso wa mtu, kiasi kwamba tope linaweza kuwa kwenye shavu la upande wa bahari. Pia anasimulia kwamba aliulizwa kama kuna nchi ambako sauti ya bahari haisikiki. Msomaji aliyezoea kaida atalichukua swali hilo kuwa ushahidi wa ufinyu wa ulimwengu wa kisiwani. Lakini wasemaji wa Kiswahili hawana haki ya kucheka. Maneno yetu kaskazini na kusini yametokana na pepo za kaskazi na kusi, ambazo ni pepo za mabaharia. Mwanafunzi wa Kitale anayesema "kaskazini" anauelekeza ulimwengu kwa tanga asilowahi kulipandisha. Kila lugha ina ufuo wake inakosimama.

7. Mwandishi asiyehitaji mashua

Miaka miwili baada ya We, the Tikopia, Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya. Vitabu vyote viwili vina maneno ya utangulizi ya Malinowski, na katika dibaji yake Kenyatta anamshukuru Firth kwa kuusoma mswada wake na kumpa ushauri wa kitaalamu. Hivyo ni vitabu vya nyumba moja. Tofauti ya fani iliyo wazi kuliko zote ni kwamba Kenyatta hawasili. Hakuna alfajiri, hakuna mlima unaokua machoni pa abiria, ingawa mlima umo katika jina. Kitabu kinaanza kwa asili ya kabila na mpango wa ukoo.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mwenyeji huandika ukweli na mwasili huandika kaida. Hatukubaliani na rai hiyo. Kenyatta naye alihitaji kuthibitisha haki yake ya kusema, na alifanya hivyo katika dibaji kwa kutaja kutahiriwa kwake, rika lake na nafasi alizoshika miongoni mwa Wagikuyu. Orodha hiyo inafanya kazi ileile iliyofanywa na mashua: inamfikisha mwandishi mahali pa kusemea. Tena, kitabu kiliandikwa London, na mwandishi alikuwa amefika huko kwa meli. Safari hiyo, ambayo ilikuwa sharti la kuandikwa kwa kitabu, haimo kitabuni. Kama Firth aliificha misheni ndani ya meli, Kenyatta aliificha meli yenyewe. Kauli ya mwenyeji ina kaida zake, nazo zinastahili kuhakikiwa kwa ukali uleule.

Hata hivyo uwiano huu haufuti tofauti ya mamlaka. Mwaka 1938 Mgikuyu aliyesema "sisi" kwa Kiingereza alikuwa akidai ardhi. Alihitaji "sisi" inayomtoa msikilizaji, kwa kuwa msikilizaji ndiye aliyekuwa amekalia shamba. Kama Kiingereza kingekuwa na matou, pengine angelitumia.

8. Umbali na historia: kutoka Tikopia hadi Pate

Epeli Hau'ofa, mwandishi wa asili ya Tonga aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha South Pacific, alitoa mwaka 1993 insha yake "Our Sea of Islands". Hoja yake ni kwamba udogo na upweke wa visiwa vya Pasifiki ulitokana na wale waliovitazama kutoka mabara na kuchora mipaka ya kikoloni baharini. Kwa wakazi wake, bahari ilikuwa njia na makao, na ulimwengu wao ulikuwa mpana kadiri walivyoweza kuabiri.

Mfano wa kwetu unaithibitisha hoja hii kwa namna yake. Mwanafunzi anayekwenda leo kukusanya tungo katika kisiwa cha Pate huanza ripoti yake kwa mashua. Anaeleza kungojea maji yajae ili chombo kipite Mkanda, joto, mikoko, na hatimaye kijiji. Msamiati wake ni ule wa Firth: mahali palipojitenga, watu wasioguswa na mabadiliko. Lakini Pate ndiyo iliyokuwa dola. Huko ndiko ulikotoka mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, na maangamizi ya utukufu wa Pate ndiyo yaliyomhuzunisha mtunzi wa Al-Inkishafi. Mshairi wa Pate wa karne ya 18 angeshangaa kuambiwa kwamba anaishi pembeni na kwamba kitovu kiko nyanda za juu, mahali ambapo mji wenyewe ulikuwa bado haujawako. Pate haikusogea. Kilichosogea ni sitaha.

Matokeo ya pimo hili si ya kifasihi pekee. Mwishoni mwa Desemba 2002, kimbunga Zoë kiliipiga Tikopia na Anuta. Kwa siku kadhaa ulimwengu wa nje haukuwa na habari, na vyombo vya habari vilihofu kwamba huenda watu wote wamekufa. Hawakufa. Walikuwa wamekimbilia mapangoni na sehemu za juu, kwa maarifa waliyorithi kutoka kwa wazee waliovipitia vimbunga vya kabla yao. Meli ya msaada ilichukua takriban wiki moja kufika. Firth mwenyewe, aliyefariki Februari ya mwaka huohuo, alikuwa ameishuhudia hali kama hiyo aliporudi kisiwani mwaka 1952 pamoja na James Spillius na kukuta kimbunga kimeangamiza mazao. Katika Social Change in Tikopia (1959) anaandika juu ya njaa, mgao na kusubiri chombo chenye chakula. Katika kitabu hicho meli haipambi upeo wa macho tena. Ni deni ambalo wenyeji wanalidai. Tunaiona hiyo kuwa sahihisho bora zaidi la kuwasili kwa mwaka 1928, na limeandikwa na mkono uleule.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuwasili kwa mashua katika ethnografia ya visiwa ni kaida inayompa mwandishi mamlaka na kukipa kisiwa umbali. Kwamba Malinowski huijenga kwa kuiondoa mashua na Firth kwa kuileta. Na kwamba vitabu vyao vimehifadhi mambo yanayoizuia kaida isifanikiwe kikamilifu: msafara wa kula, forau, koti la mtawala, hofu ya Vahihaloa na kiwakilishi matou.

Hatupendekezi kwamba watafiti waache kusimulia safari zao. Kuificha mashua, kama tulivyoona kwa Kenyatta, hakumwondolei mwandishi tatizo. Tunapendekeza kila maelezo ya kuwasili, yawe ya Firth au ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetoka Mfangano wiki iliyopita, yaulizwe maswali matatu. Chombo ni cha nani, na kilikuwa na safari gani kabla ya kumchukua mwandishi? Nani mwingine alikuwamo, na yeye alikuwa akiona nini? Wenyeji waliokuja kukipokea walikuwa wao wenyewe wakisafiri kwenda wapi, na ni nani kati yao ambaye hakurudi? Swali la tatu ndilo lililo gumu zaidi, na ndilo ambalo majibu yake bado hayajapewa sura ya kwanza ya kitabu chochote kati ya vile tulivyovijadili.